Mkao kwanza, chenso baadaye

"Shikamoo mzee. Nakwea miti tangu utotoni na sasa ndiyo kazi inayonipa riziki: napunguza matawi, nashusha miti iliyoegemea mapaa ya watu. Miaka yote nimetumia panga na msumeno wa mkono. Sasa nimepata chenso ndogo (msumeno wa mashine), ile yenye mshikio juu, pamoja na kamba na hanesi, ile mikanda ya kuvaa kiunoni na mapajani. Nikiwa huko juu nifanyeje nisijikate, wala nisikate kamba? Kamba moja inatosha? Na zile spaiki za kufunga miguuni, nizivae kila mti?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na la kamba kwa kuwa ndilo lenye jibu fupi: hapana, moja haitoshi. Chenso ikiwaka juu ya mti, mwili wako uwe umeshikwa na vitu viwili visivyotegemeana. Cha kwanza ni kamba kuu inayotoka juu yako, cha pili ni kamba fupi ya kiunoni iliyozunguka shina au tawi nene. Cheni ikila moja, nyingine ikubakize. Na usidhani kukata kamba ni kazi ya kukusudia. Kamba iliyolegea inaweza kusukumwa pembeni na meno. Iliyokazwa na uzito wa mtu haina pa kukimbilia, inaachia papo hapo.

La pili, la kutojikata, ndilo refu, na jibu lake halianzii kwenye chenso. Linaanzia kwenye mkao.

Fikiria unavyokata kwa panga. Mkono wa kushoto umekumbatia tawi, miguu imebana shina, mkono wa kulia unapiga. Mwili wako umejifunza hivyo miaka yote, na kwa panga umekufaa. Tabia hiyohiyo ukiipeleka kwenye chenso ndiyo itakayokuumiza, kwa sababu mkono wa kushoto unaoshika tawi uko mbele kabisa ya cheni. Chenso ya mshikio juu nayo inakushawishi. Ni nyepesi, imetulia mkononi, unahisi kabisa kwamba mkono mmoja unaiweza. Haiwezwi kwa mkono mmoja. Mikono miwili kila mkato, kidole gumba kimepita chini ya mshikio na kuufunga, siyo kimelala juu yake pamoja na vingine.

Sababu yenyewe ni hii. Cheni inakimbia kwa zaidi ya mita 20 kwa sekunde. Robo ya juu ya ncha ya bapa linalobeba cheni ikigusa kitu kigumu, hata kijiti kilichojificha nyuma ya tawi unalokata, meno yanakwama kwa nukta moja na nguvu yote ya mashine inahamia kwenye bapa. Bapa linaruka juu na kurudi nyuma, kuelekea bega, shingo au uso. Mafundi husema chenso imepiga teke. Teke hilo ni la haraka kuliko jicho. Hutalikwepa kwa wepesi wako. Kinachokuokoa ni mikono miwili iliyoishika imara, na breki ya cheni iliyo mbele ya mkono wa kushoto: ama kifundo cha mkono kinaisukuma, ama mshtuko wenyewe unaifunga. Ukiishika kwa mkono mmoja, bapa linazunguka litakavyo, na hakuna mkono wa kushoto nyuma ya ile breki.

Basi kazi yote ni kupata mkao unaoiacha mikono yako miwili huru. Nina kipimo kimoja ninachompa kila mwanafunzi, na mimi mwenyewe bado nakitumia. Ukishafika unapotaka kukata, kabla hujagusa chenso, achia mikono yote miwili. Inyooshe mbele kama mtu anayepokea mtoto. Vuta pumzi moja, ya pili. Mwili ukiyumba, ukizunguka au ukiteleza kuelekea shina, mkao bado hujaupata. Hamisha miguu, kaza kamba ya kiunoni, panda au shuka nusu mita, ujaribu tena. Mwili ukitulia tuli, ndipo ufikirie mashine. Kipimo hiki kinachukua sekunde chache. Wengi hukiruka wakati wa tawi la mwisho, jioni, mwenye mti amesimama chini anaangalia saa.

Mkao mzuri unategemea ulipofunga juu, na hapa wapandaji wazuri wa kienyeji ndipo hukosea, kwa sababu wamezoea kuamini miguu yao kuliko kamba. Kamba kuu ipite kwenye panda ya mbao hai, karibu na shina, juu kadiri unavyoweza kufika kwa usalama. Mimi sifungi kwenye kitu chembamba kuliko sentimita 10, na kwenye miti ya mbao laini au inayokatika ovyo nataka kinene zaidi. Kamba iwe imezunguka shina lenyewe juu ya panda, ili hata tawi likiachia, shina libaki. Kabla ya kupanda, watu wawili waning'inie kwenye kamba hiyo wakiwa chini na kuitikisa. Ikitoa mlio wa kupasuka, umejua ukiwa chini.

Kadiri ulivyofunga juu, ndivyo unavyoweza kutembea mbali kwenye tawi bila hofu. Ukifunga chini kisha ukatembea hadi nchani, kamba inalala karibu sambamba na tawi. Hapo mguu ukiteleza hutaanguka wima, utabembea kama ndoo kwenye kamba hadi shina likusimamishe, kwa mbavu. Na kamba yako isiwe na ulegevu wa kuzidi nusu mita hivi. Kamba za kupandia miti hazirefuki zikivutwa kama zile za wapanda majabali. Hazikutengenezwa kudaka mtu anayeanguka, zimetengenezwa kumkalisha. Usipande juu ya ulipofunga ukaiacha kamba inaning'inia chini yako.

Kama unatumia mtindo wa kamba moja iliyofungwa chini kwenye kitako cha shina, ikapita juu ya panda na kukushukia, kumbuka hesabu yake. Wewe una kilo 80 upande huu, na ili usianguke upande ule nao unavuta kilo 80. Panda ile inabeba karibu kilo 160, ukitoa kidogo kwa ajili ya msuguano. Tawi lililokuwa linakutosha kwa mtindo mwingine linaweza lisitoshe kwa huu.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Kanuni za kazi ya miti za Marekani, ANSI Z133, zinataka kamba ya kupandia isiyokatika chini ya kilonyutoni 24 (mvuto kama wa kilo 2,400 hivi), na karabina, yaani pete za chuma za kuunganishia kamba na hanesi, zinazojifunga zenyewe, ambazo hazifunguki mpaka ufanye angalau vitendo viwili vya makusudi mfululizo. Kamba nyingi za kazi hii zina unene wa milimita 11 hadi 13. Kamba ya kufungia mizigo, hata iwe nene kama mkono, siyo ya kupandia. Fundo la kukushika liwe la jamii ile inayokaza ikibebeshwa uzito na kuachia ukiliondolea uzito. La kwanza kujulikana sana ni lile la Karl Prusik, mpanda milima wa Austria, la mwaka 1931, na mengine mengi yamefuata kanuni hiyohiyo. Jifunze moja hadi ulifunge gizani, na usishuke nalo mbio, maana msuguano huzaa joto na joto huyeyusha nyuzi za nje hadi zing'ae kama plastiki iliyopigwa pasi. Ukiona mng'ao huo, kata kipande hicho na ukitupe.

Sasa kamba ya kiunoni. Ziko zenye waya wa chuma ndani, na wauzaji husema hazikatiki. Waya unaichelewesha cheni kidogo, basi. Nikuambie kilichonipata mimi, kwa uzembe wangu mwenyewe. Nilikuwa nimekaa vizuri, mikono miwili kwenye chenso, nakata kisiki cha tawi kilichobaki. Kamba yangu ya kiunoni ilikuwa imezunguka shina na kupita nyuma ya kisiki kilekile, upande nisiouona. Bapa likatokeza upande wa pili. Unga wa mbao uliokuwa ukimwagika kwenye buti langu ulikuwa mweupe. Ghafla nikaona ndani yake nyuzi za buluu. Mti hauna nyuzi za buluu. Nilizima, nikageuza shingo, nikakuta kamba imebaki robo ya unene wake. Kamba kuu ilikuwa imenishika, ndiyo maana nasimulia. Tangu siku hiyo nazifuata kamba zote mbili kwa jicho, kutoka kwenye hanesi yangu hadi mwisho wake, kabla ya kila mkato. Pale jicho lisipofika napeleka mkono. Na nauliza bapa litatokea wapi, maana chenso inakata pande mbili na wewe unaona mmoja.

Ukishaziona kamba, tazama tawi litakwenda wapi likiachia: ncha itashuka kwanza, au kitako kitakurukia? Kisha uliza chini. Sauti moja kutoka juu, jibu kutoka chini, hapo ndipo unakata. Ukiita usijibiwe, hukati.

Kuwasha nako kuna adabu yake. Chenso iwashwe chini kwanza, ipate joto, ipimwe breki, ihakikishwe inamwaga oili kwenye cheni, izimwe, ndipo ikufuate juu kwa kamba. Huko juu inaning'inia nyuma ya kiuno kwa mkanda wake. Unapoiwasha, breki ya cheni imefungwa, mkono wa kushoto umeishika imara, cheni iko mbali na kamba. Ule mtindo wa kuiangusha kwa mkono mmoja huku unavuta kamba ya kuwashia kwa mwingine, uache. Ukimaliza mkato, funga breki kabla hujaondoa mkono. Ukihama, hata hatua mbili, zima kabisa. Watu huona uvivu kuizima kwa sababu ni taabu kuiwasha tena. Chenso inayosumbua kuwaka ni ya kupeleka kwa fundi.

Mkanda unaobeba chenso uwe na sehemu dhaifu iliyotengenezwa makusudi ili ikatike. Tawi zito linapovunjika linaweza kuling'ang'ania bapa na kuondoka nalo. Ukiwa umeifunga chenso kwa kamba isiyokatika, tawi linaondoka na chenso, na chenso inaondoka na kiuno chako. Heri mashine ianguke.

Msumeno wako wa mkono usiustaafishe. Matawi ya unene wa kifundo cha mkono, kona zenye vijiti vingi ambako ncha ya bapa haina pa kupita bila kugusa kitu, kumalizia jeraha vizuri, zote hizo ni kazi zake. Katika mti wa kupunguza tu, mimi huwa natumia msumeno wa mkono zaidi ya chenso, na simalizi nyuma ya vijana wa mashine. Panga ndilo liache nyumbani. Linachana gome na linataka mkono mmoja.

Mkato wenyewe. Tawi lililolala ukilikata kutoka juu moja kwa moja, likifika nusu linavunjika kwa uzito wake na kuchana gome la shina hadi chini, na pengine kukuchana wewe uliyekaa hapo. Kwa hiyo anza chini: umbali wa sentimita 30 hivi kutoka kwenye shina, kata kutoka chini kwenda juu, robo au theluthi ya unene, na utoke kabla mbao haijalibana bapa. Kisha kata kutoka juu, sentimita chache mbele zaidi upande wa nchani. Tawi litavunjika kati ya mikato miwili na kuanguka bila kuchana. Mkato wa tatu unaondoa kile kisiki kilichobaki. Pale tawi linapoungana na shina kuna uvimbe, kama kola ya shati. Kata nje ya kola hiyo, usiikwangue, na usiache kisiki kirefu. Alex Shigo, Mmarekani aliyepasua maelfu ya miti kuona kilichomo ndani, alionyesha kwamba mti hauponyi jeraha kama ngozi inavyopona. Unalizungushia ukuta, na mbao mpya inaota juu yake. Kola ndiyo yenye matofali ya ukuta huo. Ukiikata, kuoza kunaingia shinani. Na rangi au lami ya kupaka juu ya jeraha haiuzuii uozo. Okoa pesa yako.

Kwa vipande vifupi vilivyosimama wima, kuna mkato ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu unaitenganisha chenso na kuanguka. Kata upande mmoja hadi kupita kati kidogo. Nenda upande wa pili, panda au shuka sentimita 3 hivi, ukate hadi kupita kati tena, ili mikato ipishane bila kukutana. Kipande kinabaki kimesimama pale, kimeshikwa na ukanda mwembamba wa mbao. Zima chenso, irudishe kiunoni. Tulia, uliza chini, kisha shika kipande kwa mikono miwili, kivunje na ukitupe unapotaka. Hakuna cheni inayozunguka wakati mbao inatembea. Ila kiwe kipande unachokiweza.

Na hapo watu wanajidanganya sana. Mbao mbichi ina uzito unaokaribia wa maji, yaani tani moja hivi kwa mita ya ujazo, japo miti hutofautiana. Gogo la kipenyo cha sentimita 20 na urefu wa mita moja lina kilo 31. La sentimita 40, urefu uleule, siyo kilo 62. Ni kilo 125. La sentimita 60 ni zaidi ya kilo 280. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, uzito unaongezeka mara nne. Jicho halioni hivyo, linaona gogo "nene kidogo". Ukilifunga gogo la kilo 125 kwa kamba ya kushushia na kuliacha lidondoke mita moja kabla kamba haijakaza, kamba, kapi na shina ulilojifunga vinapokea mzigo ambao ni mara kadhaa ya kilo zile. Shina linatikisika kama upinde na wewe uko juu yake. Kata vipande vidogo. Kamba ya kushushia mizigo isiwe kamba yako ya kupandia, na mshikaji wa chini aizungushe kwenye kitako cha shina na kuiachia iteleze, asiisimamishe ghafla.

Hatari nyingine ya shina lililosimama: ukikata kilele kilichoinama, linaweza kupasuka wima kabla ya mkato kuisha. Mpasuko unashuka, shina linafunguka kama ganda la haragwe, na kamba yako ya kiunoni imelizunguka. Inakubana kwenye shina hadi pumzi inakatika. Kilele kilichoinama usikichezee: toa kabari mbele (kipande cha pembetatu upande kinakoinamia), acha bawaba (ukanda wa mbao usiokatwa, unaokiongoza kikianguka), na kama kimeinama sana, kipunguze matawi kwanza ili uzito uishe, au ukishushe vipandevipande.

Kabla ya yote haya, mti wenyewe. Uzunguke kutoka mizizini. Uyoga kwenye kitako, udongo uliopasuka au kunyanyuka upande mmoja, ufa unaopanda kwenye panda ya mashina mawili yaliyobanana gome kwa gome, sauti ya debe unapogonga kwa nyundo ya mbao. Angalia juu: matawi yaliyokatika yakanaswa, nyuki wanaoingia na kutoka kwenye tundu. Mti uliokufa zamani siupandi. Mbao yake imeshapoteza unyumbufu, na kamba yangu juu ingekuwa imefungwa kwenye ahadi. Huo unaangushwa kutoka chini, au unafikiwa kwa mashine ya kunyanyua watu, au kazi inakataliwa. Nimekataa kazi nyingi na sijajuta hata moja.

Waya za umeme nitazisema kwa mstari mmoja: kama wewe, chombo chako au tawi lolote utakalokata linaweza kufika ndani ya mita 3 ya waya, shuka, wahusika wa umeme waje wauzime, kwa sababu mbao mbichi hupitisha umeme na unaweza kufa bila hata kugusa waya.

Spaiki sasa. Jibu ni kwamba zinavaliwa kwenye mti unaokwenda kuondolewa, basi. Kila hatua inatoboa gome na kufika kwenye utando hai ulio chini yake, pale mti unapokulia. Ukipanda mti wa mita 15 na kushuka, umeuachia matundu mengi, na kila moja ni mlango wa uozo. Mwenye mti amekuita upunguze, hakukuita uuchome. Na hata kwenye mti wa kuangusha, spaiki siyo kitu cha kujifunga nacho. Gome likibanduka, mguu unaporomoka na uso unasugua shina. Kamba zako mbili ziko palepale.

Mavazi: kofia ngumu yenye mkanda wa kidevuni, kinga ya macho na masikio, buti, na suruali ya chenso. Suruali hiyo haizuii cheni kwa ugumu. Ndani ina nyuzi ndefu ambazo cheni ikizigusa zinavutwa, zinazunguka kwenye meno ya ndani ya mashine na kuikwamisha. Kuna zenye kinga mbele tu, kwa watu wa chini, na zenye kinga kuzunguka mguu wote, aina C. Sisi wa mtini tunavaa aina C, kwa sababu huko juu mguu hukaa pembe yoyote. Daraja la 1 limepimwa kwa cheni ya mita 20 kwa sekunde, la 2 kwa 24, la 3 kwa 28. Ikishakatwa na cheni mara moja, usiishone; nyuzi zilizoshonwa hazivutiki. Na kumbuka shingo na mikono yako havina suruali.

Umesema chenso umepata, hukusema nani yuko chini. Usipande peke yako. Na yule wa chini asiwe mtu wa kuvuta matawi tu; awe anaweza kupanda, ana hanesi yake na kamba yake tayari. Mtu aliyezimia akining'inia kwenye hanesi bila kusogea, damu inakaa miguuni na anaweza kufa hata kama jeraha lake lilikuwa dogo. Mtu aliyekatwa mshipa mkubwa wa paja ana dakika chache. Kuita gari la wagonjwa hakumshushi mtu kutoka mita 12. Kwenye hanesi yako, mahali mkono wowote unapofika, funga bandeji kubwa ya kukandamiza damu na mkanda wa kubana mguu au mkono, na ujifunze kuvitumia kwa mkono mmoja.

Kitu kidogo ambacho watu hawakihusishi na ajali: cheni butu. Chenso kali inajivuta yenyewe ndani ya mbao na kutema chembe nene kama za randa. Ikianza kutema vumbi laini kama unga, imelala. Hapo mtu huanza kuisukuma, na ukisukuma, mwili unatoka kwenye mkao wake, bega linakuja juu ya bapa, na mbao ikiisha ghafla unaporomoka mbele pamoja na mashine. Beba tupa ya mviringo ya kipimo cha cheni yako, noa kila jino kwa pembe ile iliyochorwa kwenye jino lenyewe, mara nyingi digrii 30, idadi sawa ya misukumo kila jino. Kwa mafuta, chenso nyingi za siku hizi zinataka sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili ya injini za mchanganyiko, yaani mililita 100 kwenye lita 5. Kitabu cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho.

Wiki ya kwanza usiende nayo juu. Funga kamba kwenye tawi imara, jinyanyue mita moja tu kutoka ardhini, ufanye mzunguko mzima chenso ikiwa imezimwa: mkao, achia mikono, fuata kamba kwa jicho, ita chini, fungua breki, jifanye unakata, funga breki, rudisha kiunoni. Mara ishirini, hadi mkono wa kushoto uache kutafuta tawi la kushika. Kisha washa, palepale mita moja, ukate matawi ya chini. Ukishazoea, panda mita 6 na msumeno wa mkono tu, uning'inie kama uliyezimia, mwenzako apande akushushe. Mpimie muda. Kama dakika kumi zimepita bado anahangaika na mafundo, chenso ibaki chini hadi mrudie.